Nataka kufungua biashara ya kukusanya maoni ya wateja kwa ajili ya makampuni, naanzia wapi?

MtuWaNyegezi

Habari zenu wakuu, naenda kwenye mada moja kwa moja. Nipo Mwanza, kazi yangu ya miaka mingi ni udodosaji, zile tafiti za mashirika za kuzunguka nyumba kwa nyumba na tableti yenye KoboToolbox (programu ya kujazia majibu ya dodoso), kwahiyo kuuliza swali na kukaa na mtu mpaka afunguke hilo naliweza vizuri.

Sasa nimezunguka hapa mjini nimeona biashara nyingi zinapoteza wateja na mwenye mali hajui wanaenda wapi. Mahoteli, maduka ya dawa, zahanati za watu binafsi, shule, saccos, karibu kila sehemu utakuta sanduku la maoni ukutani lina kufuli na vumbi juu yake, ukiuliza ufunguo anao nani hakuna anayejua. Nikawaza mimi niwe yule mtu wa katikati, nakusanya maoni ya wateja wao nawapelekea kila mwezi wananilipa.

Nina maswali. Nianze na biashara za aina gani? Nitoze vipi, kwa idadi ya watu niliowahoji au kwa mwezi? Nitengeneze programu yangu au nitumie zilizopo? Halafu kuna mwenye hoteli mmoja nilimfata akaniuliza "maoni ya wageni nayapata Google na Booking bure, wewe unanipa nini zaidi?" Swali lake ni la haki kabisa na nataka niwe na jibu kabla sijarudi kwake. Mtaji wangu ni mdogo, laptop ipo, simu ipo, na nina vijana wawili niliokuwa nahoji nao wako tayari. Waliopita hii njia naombeni mawazo.

KingoZaMeru

Hongera mkuu, hii kazi naifanya huku Arusha kwa maloji na kampuni za utalii nitakujibu kwa ninachokijua.

Jibu la mwenye hoteli ni hili. Anayeandika Google ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana, na wengi wanaandika wakiwa wameshafika makwao. Hapo katikati kuna watu wengi ambao hawakuudhika kiasi cha kuandika wala hawakufurahi kiasi cha kurudi, wanalipa, wanasema asante, wanaondoka na ndo imetoka hiyo. Hao hakuna mtu anayewauliza. La pili ni muda. Mgeni akipigiwa simu chumbani jioni ya siku ya kwanza akasema maji ya moto hayatoki, meneja anapata taarifa usiku huo huo, asubuhi fundi yuko bafuni, na ile nyota moja ya Google haiandikwi kabisa. Google inamwambia kilichoharibika mwezi uliopita, wewe unamwambia kinachoharibika sasa hivi wakati bado kinatengenezeka.

Kuhusu uanze na nani, usikimbilie aina ya biashara, kwanza tafuta mwenye mali ambaye hayupo kaunta. Mtu wa duka moja anayekaa mwenyewe pale mbele hakuhitaji, wateja anawaona kwa macho, akinuna anaona, asiporudi anamkumbuka. Anayekuhitaji ni yule wa matawi matatu manne anayeendesha biashara kwa simu na ripoti za mauzo, maana mauzo yakishuka tawi la pili anaambiwa "bosi hali ngumu" na hana pa kuhakikishia. Medallia ya Marekani, moja ya kampuni kubwa kabisa za hii kazi, walianza na mahoteli. Waanzilishi ni Amy Pressman na mumewe Borge Hald, mwaka 2001, na kabla hawajasimama vizuri ikatokea Septemba 11 watu wakaacha kusafiri, hoteli zikawa tupu. Hawakukimbia mahoteli, na ukifikiria utaona kwa nini, kampuni ya hoteli ina majengo mengi miji tofauti na makao makuu yako mbali, pale mwenye mali ni kipofu bila mtu wa kumletea habari.

Chagua tasnia moja uing'ang'anie. Hoteli leo, shule kesho, saccos kesho kutwa, utakuwa unaanza upya kila siku.

MamaFamasi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Mimi siiuzi hii huduma, mimi nainunua, kwahiyo mwanangu MtuWaNyegezi nisikilize upande wa anayetoa hela.

Nina maduka ya dawa sehemu tofauti siwezi kukaa kote. Wa kwanza kuniletea hii huduma alikuja na makaratasi mazuri ya rangi, michoro ya duara, asilimia themanini na kitu ya wateja wameridhika. Nikamuuliza sasa mwanangu kesho asubuhi nikifungua duka nifanye nini tofauti? Akarudia zile asilimia. Nikamlipa tukaachana kwa amani.

Wa pili ni binti, hana hata laptop nzuri, ana daftari na simu. Kuna tawi langu moja lilikuwa linauza panadol na dawa za mafua vizuri tu ila dawa za fangasi, za minyoo, vidonge vya uzazi wa mpango, haziendi, wakati matawi mengine zinaenda. Wateja wakiulizwa huduma ikoje wanasema nzuri tu, Mungu awabariki. Yeye hakuuliza huduma ikoje. Alikuwa anakaa pale nje mtu akitoka anamuuliza "umepata ulichokuja kutafuta?" Wakaanza kusema ukweli. Kumbe pale foleni inasimama mgongoni kwa anayehudumiwa, unamwambia muuzaji shida yako kwa sauti ya chini, yeye anageuka anamwita mwenzake wa stoo kwa nguvu "niletee ile ya fangasi ya sehemu za siri!" Mama wa watu mbele ya majirani zake. Mmoja alimwambia binti kabisa, nilikuja na shida nyingine nikaishia kununua panadol nikaondoka.

Kilichofanyika ni kidogo. Benchi la kusubiria nikalitoa ndani nikaliweka barazani, kaunta nikaweka vikaratasi na peni ukiona aibu unaandika, na kuitana kwa majina ya dawa nikapiga marufuku. Dawa zile zikaanza kutoka. Yule binti namlipa kila mwezi mpaka leo na sijawahi kuona mchoro wa duara kutoka kwake, naletewa ukurasa mmoja una mambo matatu ya kufanya na chini yake maneno ya wateja yalivyo.

Kwahiyo mwanangu usiniuzie maoni. Niuzie benchi kwenda barazani.

Mtaa_wa_Tom_Mboya

Salamu kutoka Nairobi. Hapo kwa tasnia moja nakubaliana na KingoZaMeru, lakini naongeza kitu moja juu ya pesa kwa sababu hapa kwetu tumeona hii biashara ikikua.

Kulikuwa na kampuni inaitwa mSurvey, ilianzishwa na Kenfield Griffith, jamaa wa Montserrat kule Karibiani aliyesoma MIT, chuo kikuu cha Marekani, akakuja Kenya akaanza 2012 kufanya utafiti kwa SMS. Unatumiwa swali kwa simu ya kawaida tu, haina haja ya intaneti, unajibu, swali ingine inakuja, kama vile unachat na mtu. Baadaye wakasogea kutoka kwa utafiti wa jumla wakaingia kwa mteja mwenyewe, yaani umenunua kitu ama umehudumiwa, unaulizwa hapo hapo kama umeridhika. 2019 wakabadilisha jina wakawa Ajua. Hiyo kusogea ndiyo naomba uangalie vizuri, kwa sababu wewe unatoka kwa tafiti. Utafiti unalipwa mara moja, unaandika ripoti, unashika mkono, unaanza kutafuta mwingine. Ni kama mvua ya vuli, unaifurahia ikija lakini huwezi kupanga nayo karo ya watoto. Maoni ya wateja kila mwezi ni mkataba, na mkataba ndio unakuwezesha kuajiri mtu.

Kwa hivyo toka siku ya kwanza usikubali kazi ya "tufanyie mara moja tuone". Sema miezi mitatu ama usianze. Mwezi wa kwanza unajua shida, wa pili wanarekebisha, wa tatu unawaonyesha kama marekebisho yamefanya kazi. Ukifanya mwezi moja pekee umeleta lawama na hakuna kingine.

fundi_meseji

Wakuu mnaongea vizuri ila mnasahau teknolojia. Dunia ya sasa bila programu yako mwenyewe hufiki mbali, mtu yeyote mwenye simu na daftari anaweza kukuiga. Tengeneza mfumo, mteja akilipa tu anapata meseji, majibu yanaingia kwenye dashibodi, yaani ukurasa mmoja wa kuonyesha majibu yote, bosi anaona akiwa popote. Mimi nafanya hizo kazi za meseji za jumla, mambo machache ya kujua.

Kwanza, mteja asitozwe kujibu. Ukimwambia jibu kwenda namba fulani na salio lake linakatwa, hajibu. Kuna namba fupi ambazo gharama unabeba wewe mtumaji, na USSD (zile menyu za nyota na reli) pia inawezekana hivyo hivyo, ila hizo namba lazima zipitie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mitandao ya simu na zina gharama zake, kwa mtu anayeanza ni mzigo. Ukipitia kampuni za katikati zinazokuunganisha na mitandao, kama Africa's Talking, unapata njia rahisi zaidi.

Pili WhatsApp. Ukitumia ile akaunti ya kibiashara ya kuunganisha na mfumo huwezi kumwanzishia mtu mazungumzo na maneno yoyote unayotaka, unatumia ujumbe ulioidhinishwa kabla na yeye awe amekubali kutumiwa. Akikujibu ndo unapata masaa 24 ya kuongea naye kwa uhuru. Uzuri wake ni voice note, mtu ambaye hawezi kuandika mistari miwili atakurekodia dakika mbili nzima za malalamiko, na humo ndani ndo kuna mali.

KingoZaMeru

fundi nakuheshimu na haya ya namba fupi na WhatsApp ni ya kweli, ila la kuanza na programu yako napinga kwa nguvu zote. Dashibodi nimeziona nyingi, bosi anaifungua wiki ya kwanza, wiki ya pili anafungua mara moja, wiki ya tatu kasahau neno la siri. Kinachoweza kuigwa kirahisi ndo hicho hicho programu, maana za kuuliza maswali zipo tangu zamani, SurveyMonkey Ryan Finley aliianzisha kule Wisconsin mwaka 1999, leo Google Forms ni bure. Kuuliza sio shida ya mtu tena. Shida ni kuuliza swali linaloleta ukweli, na kumfanya bosi achukue hatua.

Kwenye swali linaloleta ukweli niongeze. Kuna kile kipimo maarufu cha sifuri mpaka kumi, alikitangaza Fred Reichheld mwaka 2003, unamuuliza mteja kuna uwezekano gani utatupendekeza kwa rafiki yako, waliotoa 9 na 10 unawachukua, unatoa asilimia ya waliotoa 0 mpaka 6. Watu 100, hamsini wametoa 9 na 10, ishirini wametoa 6 kushuka chini, alama yako ni 30. Makampuni makubwa wanakipenda na wakikiomba wape. Ila kwa mteja wa kawaida wa huku kwetu, akiulizwa na mtu mzima mwenzake kwa heshima, anatoa kumi kwa adabu tu, au anatoa saba akijua kakusifia sana maana shuleni saba kwa kumi umefaulu vizuri. Uliza kilichotokea, usiulize anavyojisikia. Ulisubiri muda gani? Nani alikupokea? Kuna kitu uliomba ukakosa? Ungekuwa wewe ndo bosi hapa ungebadilisha nini kesho? Hilo la mwisho linafungua watu midomo kuliko yote niliyowahi kutumia.

Halafu chunga sana wafanyakazi, maana ndo watakaouua mradi kama hujakaa nao mapema. Kuna sehemu tuliweka tableti mapokezi mgeni ajaze akiondoka. Majibu yakawa mazuri ya ajabu, tano tano tupu. Tukaangalia muda wa kujaza, mengi yameingia saa nane usiku, saa tisa usiku, yamefuatana dakika mbili mbili. Mgeni gani anaondoka loji saa nane usiku? Ni kijana wa zamu alikuwa anajaza mwenyewe, na simlaumu, alishaambiwa nyota zikishuka kazi hana. Tangu hapo mkataba wangu una kipengele, miezi mitatu ya kwanza majina ya wafanyakazi hayaingii kwenye ripoti, na kabla ya kuanza nakaa nao wote bosi akiwepo anawaambia kwa mdomo wake kwamba hatafukuzwa mtu kwa hii kazi. Bila hicho kikao naacha hela mezani.

Bei: kwa tawi kwa mwezi. Ukitoza kwa kichwa kilichohojiwa utajikuta unakimbiza idadi na vijana wako watakuletea vichwa, sio maneno. Na usikubali kabisa kulipwa kwa alama kupanda, siku hiyo hiyo na wewe unakuwa yule kijana wa saa nane usiku.

MamaFamasi

Hapo kwenye bei naomba niongeze, wasikudanganye ufanye ya kwanza bure ili wakujue. Ripoti ya bure haisomwi. Tukilipa hata kidogo tunaitafuta wenyewe, "mbona hujaniletea?" Na kabla hujachukua hela ya mtu muulize, nikikuta tatizo nani hapa ana ruhusa ya kulirekebisha na hela ya kurekebishia ipo? Akianza kuzunguka, mara bodi, mara mzee yuko safari, huyo mteja muache.

wakili_wa_mtaa

Jambo ambalo halijaguswa ni sheria, na hii inamhusu mleta mada moja kwa moja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa kwenye hiyo Tume. Jina, namba ya simu, sauti iliyorekodiwa, zote hizo ni taarifa binafsi. Wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019.

Kwa vitendo ni hivi: hoteli ikikupa orodha ya namba za wageni wake, zile namba sio zako, mkataba useme unazitumia kwa kazi gani na unazifuta lini. Usizichanganye na za mteja mwingine na usije ukazitumia kutangaza kitu. Ukirekodi simu mwambie mtu mwanzoni. Na kwa heshima zote MamaFamasi, taarifa za afya ni taarifa nyeti, zinalindwa zaidi, kwahiyo yule binti anayeuliza watu nje ya duka la dawa asiandike jina la mtu pamoja na dawa aliyokuja kutafuta. Akiandika tatizo bila jina kazi inafanyika vile vile.

MamaFamasi

Asante mwanangu wakili, haandiki majina, ila hilo la kusajiliwa nitamuuliza leo leo.

Mtaa_wa_Tom_Mboya

Kuhusu kukua, kwa vile hakujaguswa sana. Someni Qualtrics, kampuni ya Marekani ya programu za dodoso. Walianza 2002 nyumbani kwa profesa Scott Smith pale Provo, Utah, yeye na kijana wake Ryan, wakati mzee alikuwa anaugua saratani ya koo. Wateja wa kwanza ni vyuo vikuu. Wanafunzi wakazoea kuitumia chuoni, wakimaliza wakiajiriwa wanauliza kazini "kwani hapa hakuna Qualtrics?" na hivyo ikaingia makampuni bila kupiga kelele. Hawakuchukua pesa ya wawekezaji mpaka 2012, miaka kumi wanakula walichouza. 2018 SAP, kampuni kubwa ya programu ya Ujerumani, ikakubali kuinunua dola bilioni 8. Sisemi utafika huko, nasema mteja wako wa leo ana mtu ndani yake atakayehama kazi. Yule meneja msaidizi anayesoma ripoti yako kwa bidii, kesho ni meneja hoteli ya Bukoba. Mtunze huyo.

KingoZaMeru

Hiyo ni kweli tupu, zaidi ya nusu ya wateja wangu wamekuja na mameneja waliohama.

Na faida nyingine ya kubaki kwenye tasnia moja inakuja ukishakuwa na wateja kadhaa wanaofanana. Unaweza kumwambia mwenye loji, wageni wako wanasubiri chakula muda mrefu kuliko loji nyingine za hadhi yako, bila kutaja jina la mtu. Hicho hakuna anayeweza kumpa isipokuwa wewe. Google haimpi, binamu yake mwenye Excel hampi. Hapo ndo nilipoanza kupandisha bei na hakuna aliyelalamika.

Kwenye kuajiri, wewe wa Mwanza tafuta vijana wanaoongea Kisukuma vizuri. Mzee wa Magu ukimuuliza kwa Kiswahili cha ofisini atakwambia kila kitu shwari. Muulize kwa lugha yake utaandika kurasa mbili.

MtuWaNyegezi

Wakuu nashukuru sana, hii nimeinakili yote. Mwenye hoteli narudi kwake wiki hii na pendekezo la miezi mitatu, simu jioni ya siku ya kwanza kwa kila mgeni, ukurasa mmoja kila wiki, na kikao na wafanyakazi kabla ya kuanza. Programu naacha kwanza, usajili wa Tume naanza kufatilia.

Swali la mwisho linanisumbua. Nifanyeje kama tatizo wanalolisema wateja ni mwenye mali mwenyewe? Maana yeye ndo ananilipa.

KingoZaMeru

Unampelekea. Sio kwenye ripoti inayosomwa na mameneja wake, unamfata mnakaa wawili, unamsomea maneno ya wateja kama walivyoyasema bila kuongeza ya kwako. Kuna atakayevunja mkataba hapo hapo, imenitokea. Ila ukilificha, miezi mitatu ikiisha hakuna kitakachokuwa kimebadilika, na atasema huduma yako haina maana, na atakuwa sahihi.

MamaFamasi

Mimi nililetewa langu. Wateja walisema mama mwenyewe akiwepo dukani wauzaji wanamwangalia yeye, hawawaangalii wao, wanatetemeka wanakosea hata chenji. Niliumia siku mbili. Sasa nikienda matawini naingia kwa mlango wa stoo, nakaa na vitabu vyangu huko nyuma, mbele sionekani. Binti nimemuongezea tawi.